Usiku saba, miji minne: namna ya kupanga safari ya barabara kutoka Kasindi mpaka Kampala na kurudi

Kila mwaka, likizo kubwa inapokaribia, makanisa yetu ya Beni, Butembo, Lubero na Oicha hutuuliza swali lile lile. Kwaya inataka kutembea. Vijana wamekusanya feza. Wamama wanataka kuona Namugongo kabla ya kuzeeka. Wanatuuliza njia, hoteli na bei. Tumeona ni vizuri kuandika yote mahali pamoja, ili kamati ikiketi kupanga iwe na kitu cha kuanzia.

Tunasema juu ya mzunguko mmoja tu, ule tunaoujua: kuvuka Kasindi, kupita Kasese, Fort Portal, Kampala na Jinja, kisha kurudi kwa njia ya Masaka na Mbarara. Yote ni zaidi ya kilomita 1,000, na karibu yote ni lami. Kundi la watu 20 mpaka 28 linaweza kuufanya katika motokari moja ndogo ya abiria kwa juma moja.

Safari yetu ya kwanza tuliipanga vibaya, na tunaeleza ili wengine wasirudie. Tuliandika orodha ya mahali pa kuona, tukahesabu kilomita, tukagawanya kwa siku. Kulala tukakuacha mwisho: «Hoteli hazikosekani mjini.» Siku ya Fort Portal kwenda Kampala tuliondoka saa tano kwa sababu wengine walitaka kupiga picha. Tuliingia Kampala saa nne usiku. Hoteli tuliyoiagiza kwa simu ilikuwa imekwisha kuwapa wengine vyumba vyetu. Tulizunguka na watoto wamelala kwenye viti, tukalipa mahali pengine karibu mara mbili ya bei tuliyoipanga. Feza ya akiba ikaishia pale, na siku tatu zilikuwa zimebaki. Mama mmoja alitoa feza aliyokuwa ameiweka kwa masomo ya mtoto wake ili tununue mafuta ya kurudi. Kanisa lilimrudishia kwa miezi minne. Hakulalamika, lakini sisi wa kamati hatukuweza kumtazama machoni.

Tangu siku ile tunapanga kwa kuanza na usiku. Kwanza tunaamua tutalala wapi, na tutafika pale saa ngapi. Kanuni yetu ni kufika saa kumi alasiri, jua likiwa bado juu. Mahali pa kuona panafuata pale panapoingia kati ya kitanda kimoja na kingine. Ukifika mchana unaweza kukagua chumba, ukikataa unatafuta kingine, na mwenye hoteli anajua kwamba unaweza kwenda zako. Ukifika usiku, bei inapangwa na yeye.

Kwa hesabu hiyo safari yetu ina usiku saba katika miji minne: usiku mmoja Kasindi, mbili Fort Portal, tatu Kampala, mmoja Mbarara. Tunaondoka nyumbani siku ya tatu ya juma, yaani Jumatano, ili siku ya Bwana itukute Kampala.

Kabla ya kuvuka

Usiku wa Kasindi wengi wanaona ni feza ya bure. Wanasema: tuondoke Beni alfajiri, tuvuke, tuendelee. Sisi tunakataa. Barabara ya Beni–Kasindi ni karibu kilomita 80, na kila mmoja wetu anajua ni nani tuliowazika kwa sababu yake. Hatuipiti alfajiri wala jioni. Tunauliza habari siku ile ile kwa watu wanaoishi njiani, si kwa wale wa mjini, na kama habari si nzuri safari inasimama. Kamati iamue jambo hilo mapema na kuliandika, pamoja na namna ya kuwarudishia watu feza zao, kwa maana asubuhi ya kuondoka hakuna anayetaka kuwa mtu wa kusema tusiende. Ukilala Kasindi, unafika mpakani asubuhi na nguvu, na siku nzima iko mbele yako.

Juu ya karatasi, tunasema yasiyobadilika. Pasipoti ni bora kuliko karatasi nyingine yoyote. Vibali vya watu wa mpakani huwasaidia wanaokwenda sokoni karibu. Si vya kufika Kampala. Karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa. Mtoto asiyesafiri na wazazi wake awe na barua ya wazazi iliyotiwa muhuri. Motokari iwe na karatasi zake zote na asiransi inayokubaliwa katika nchi za COMESA. Juu ya viza na malipo, tumeni mtu mmoja Kasindi juma lile la safari, aulize kwa DGM na kwa uhamiaji wa Mpondwe. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo masharti yamekuwa yakibadilika. Habari ya mwaka jana si ya kutegemea. Mkague pia afya ya kundi. Tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020 kupimwa joto na kunawa mikono pale Mpondwe si jambo la kushangaza, na mtu mwenye homa anaweza kuwazuia wote.

Ukivuka mto Lubiriha mambo mawili yanageuka. Saa inakwenda mbele lisaa limoja, kwa hiyo saa mbili yetu ni saa tatu yao. Na motokari zinapita upande wa kushoto. Dereva wetu wa Beni, hata awe hodari namna gani, siku ya kwanza atakosea kwenye njia-panda na kwenye mizunguko ya mjini. Wekeni mtu macho karibu naye wa kumkumbusha «kushoto», hasa asubuhi baada ya kutoka petrol.

Juu ya lugha msiogope. Mnande anayesema Kinande atasikilizana na Mkonjo wa Bwera na Kasese karibu bila shida. Ni ndugu wa mlima mmoja. Fort Portal Kiswahili kinasaidia kidogo. Kampala, Kiswahili wengi wanakisikia bila kupenda kukisema, na Kifaransa hakina kazi. Chukueni mtu anayejua Kiingereza na awe ndiye anayezungumza juu ya bei. Waganda huhesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi, lakini wakiandika kwa Kiingereza wanahesabu kwa namna ile nyingine. Tumeona kundi likingoja basi saa sita nzima kwa kosa hilo.

Kasese na Fort Portal

Kutoka Mpondwe barabara inashuka katika tambarare na kukutana na ile ya Kasese–Mbarara pale Kikorongo, pembeni ya mbuga ya Queen Elizabeth. Mbuga hii inagusana na Virunga yetu. Tembo hawajui mpaka. Barabara kubwa inapita ndani yake bila kulipa kiingilio, na mara nyingi utaona swala, nyati, wakati mwingine tembo, ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Msishuke. Kama kundi linataka kuingia ndani kwa mlango wa mbuga, kuna bei ya wenyeji wa Afrika Mashariki na bei ya wageni wa mbali, na tofauti ni kubwa. Onyesheni pasipoti na kuuliza mtahesabiwa katika bei gani kabla ya kutoa feza. Kwa kundi letu tunaona njia ya bure inatosha.

Karibu na pale kuna Katwe, ziwa la chumvi. Wazee wetu walikula chumvi ile iliyovushwa kwa mitumbwi katika ziwa Edward, na mpaka leo watu wanaichota wakisimama ndani ya maji makali. Kasese ni mji wa joto. Reli kutoka Kampala ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na sasa treni haipiti. Tunakula hapo, tunabadilisha feza kidogo, tunaendelea. Kutoka Kasese mpaka Fort Portal ni karibu kilomita 75, Ruwenzori ikiwa mkono wa kushoto. Kumbukeni kwamba kwetu mlima ule uko mashariki. Hapa jua linatua nyuma yake, na wazee wengi wa kundi wananyamaza wakiuona hivyo kwa mara ya kwanza.

Fort Portal ni mji ambao tungependa watu wakae zaidi. Ni baridi, ni safi, na vyumba si ghali ukilala mjini. Hoteli zilizo kando ya maziwa ya volkeno zina sura nzuri, lakini bei yake imewekwa kwa ajili ya watalii wa Ulaya. Laleni katika nyumba za wageni zilizo nyuma ya barabara kubwa, mkayatembelee maziwa mchana. Siku ya Ijumaa inatosha kwa maziwa mawili au matatu, pango la Amabere pamoja na maporomoko yake, na kilima cha jumba la mfalme wa Tooro.

Lakini kwa watu wetu kuna jambo kubwa kuliko maziwa. Katika mji huu, Kabarole, alifanya kazi Apolo Kivebulaya. Alikuwa Muganda, alifika Tooro mwaka 1895, na mwaka 1896 alivuka Semliki na kuja Boga, ambayo leo iko Ituri. Alipigwa, alifungwa, alirudi tena. Alikufa Boga mwaka 1933 na kaburi lake liko huko. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe akielekea magharibi, upande wa msitu na watu ambao Habari Njema ilikuwa haijawafikia, wakati desturi ilikuwa kuelekea mashariki. Ukisimama penye kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, Kabarole, ukitazama magharibi, unatazama njia aliyoishika. Tulikaa pale nusu saa bila mtu kuomba kuondoka. Ni bure, na hakuna kitabu cha watalii kinachompeleka mtu hapo kwa sababu hiyo.

Siku ndefu

Fort Portal mpaka Kampala ni karibu kilomita 300, siku ndefu kuliko zote. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mubende iko karibu nusu ya njia. Simameni pale kula na kunyoosha miguu. Kisha Mityana, na baada yake foleni.

Hapa kuna siri inayookoa feza na uchungu. Barabara ya Fort Portal inaingia Kampala kwa upande wa magharibi, na barabara ya Masaka, ambayo mtarudia, inatokea upande ule ule, pale Busega. Kwa hiyo tafuteni vyumba katika vilima vya upande huo: Namirembe, Mengo, Rubaga. Mkilala mashariki mwa mji, mtaupasua mji mzima mara mbili na mizigo juu ya motokari. Namirembe kuna nyumba ya wageni ya kanisa, inayojulikana sana, na ziko nyingine ndogo za kanisa na za watawa wa Katoliki katika vilima vya jirani. Nyumba za namna hii ni safi, lango linafungwa usiku, na hakuna baa chini ya dirisha. Zinajaa mapema, kwa hiyo andikeni mwezi mmoja au miwili kabla, tumeni feza ya usiku wa kwanza, mwombe karatasi ya kupokelewa yenye jina la mtu. Hoteli ile iliyotuacha nje hatukuwa tumeitumia hata shilingi. Maneno ya simu peke yake hayakushika vyumba vyetu.

Mnapouliza bei, ulizeni maswali haya yote mara moja: bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi imo? Motokari italala ndani ya lango? Vitanda viwili katika chumba vinaruhusiwa, na cha tatu kikiongezwa ni ngapi? Mkichukua vyumba kumi, dereva atalala bure? Swali la mwisho wengi wanaona aibu kuuliza. Ulizeni, mara nyingi jibu ni ndiyo. Na dereva alale vizuri kuliko wote, kwa maana ndiye anayewabeba. Tulishawahi kuona kamati ikimlaza dereva ndani ya motokari ili kuokoa feza ya kitanda kimoja. Ni ujinga.

Kuna majuma ambayo hesabu hizi zote zinaharibika. Karibu na tarehe 3 Juni, sikukuu ya wafia imani, watu huja Namugongo kwa miguu kutoka kila upande wa Uganda na nje yake, na vitanda vinapotea. Ama mwende kwa ajili ya sikukuu yenyewe, mkijua mtalala chini, ama msiende juma lile.

Siku ya Bwana tunaabudu Namirembe. Kanisa kuu la Mtakatifu Paulo liliwekwa wakfu mwaka 1919. Pembeni ni kaburi la askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, mifupa yake ikaletwa hapa mwaka 1892. Na lile la dokta Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Ni juu ya kilima hiki pia, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi alikutana na dokta Joe Church kutoka Gahini, na kutoka mkutano ule uamsho ukaenea Rwanda, Uganda, mpaka kwetu. Wazee wenu waliookoka katika miaka ile wanajua maneno ya Kiganda bila kujua yalitoka wapi. Waonyesheni.

Mchana tunakwenda Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walichomwa pale. Wafia imani wanaohesabiwa ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22, ingawa si wote walikufa mahali pale. Kuna mahali pawili, pa Katoliki na pa Anglikana, si mbali, na watu wetu wengi wanaishia pale pa kwanza kwa sababu ni pakubwa. Nendeni pote pawili. Upande wa Anglikana sanamu zinaonyesha namna walivyofungwa katika matete. Watoto wadogo sana wabaki nje na mama mmoja.

Jinja ni karibu kilomita 80 kutoka Kampala. Tulikuwa tukilala huko. Sasa tunakwenda na kurudi siku moja, Jumatatu, tukiacha mizigo chumbani. Sharti ni kuondoka kabla ya saa kumi na mbili, malori ya Kenya yasije yakajaza njia. Kuku wa kuchoma wa Namawojjolo mnunue mkirudi. Pale Mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria, Speke alifika mwaka 1862. Maporomoko aliyoyaona yalifunikwa na maji ya bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Mtumbwi wa kwenda mpaka kwenye chemchemi unalipiwa kwa kundi. Kubalianeni bei yote ya kwenda na kurudi kabla ya mtu wa kwanza kupanda, na kila mmoja avae koti la kuelea. Daraja jipya la nyaya, la mwaka 2018, linapendeza. Ulizeni askari kabla ya kutoa simu kwa picha, na bwawa msilipige kabisa.

Kurudi

Jumanne, Kampala mpaka Mbarara, karibu kilomita 270. Kayabwe ndipo panapo alama ya ikweta ambayo kila mtu anataka kusimama katikati yake. Kusimama ni bure. Wale wanaoonyesha maji yakizunguka katika beseni wanaomba feza, na maji yale yanazunguka namna wanavyoyamimina. Kulea nyama ya kuchoma Lukaya, msinunue kupitia dirishani na motokari ikitembea. Mbarara ina vyumba vingi vya bei ndogo kwa kuwa ni mji wa wanafunzi na wafanyabiashara. Jumatano mnashuka Ishaka, mnavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga unaounganisha maziwa George na Edward, na mkiwa na bahati viboko wako chini yenu. Kikorongo tena, halafu Mpondwe.

Juu ya feza, hatuandiki bei hapa kwa sababu mafuta na dola vinazidanganya kila mwezi. Namna yetu ni hii. Hesabuni usiku kwanza, vyumba mara usiku, na lipeni au wekeni kando feza hiyo yote kabla ya kuondoka. Haiguswi kwa jambo lingine. Pili mafuta, ya mzunguko wote na ya kupotea njia. Tatu chakula: asubuhi ile ya hoteli, mchana rolex, yaani chapati na mayai, au ndizi na maharagwe ya barabarani, jioni meza moja ya pamoja. Viingilio vije mwisho. Juu ya jumla hiyo ongezeni sehemu moja ya kumi, aishike mtu asiye mweka hazina, na ifunguliwe mbele ya watu watatu. Dola ziwe mpya na kubwa. Noti za zamani na ndogo zinapokelewa Kampala kwa bei ya chini, hata kama kwetu zimekubaliwa.

Mchango uanze miezi sita kabla, kidogo kila juma, katika daftari linaloonekana na wote. Wakati wote kutakuwa na mtu anayelipa kwa jinsi ya maharagwe yake na mvua inakataa. Tunaongeza viti viwili katika hesabu tangu siku ya kwanza, vinavyobebwa na kundi zima, na majina ya watakaovikalia anayajua mchungaji peke yake. Garini hakuna anayejua nani alilipa nini.

Mkivuka Lubiriha, saa inarudi nyuma lisaa limoja. Sisi tunaitumia saa hiyo kuketi Kasindi, chini ya mti, kusoma hesabu kwa sauti kabla watu hawajatawanyika: kila usiku, kila lita, na kilichobaki. Kama jua limekwisha kushuka, tunalala hapo usiku wa nane, ambao uko katika hesabu tayari.